Mvua Iliyopunguzwa

Baba yangu alikuwa mkata mkonge. Alitoka Kigoma akiwa kijana, akafanya kazi kwenye mashamba ya tambarare mpaka mgongo ukamkatalia, kisha akajenga chumba na sebule pembeni ya mji wa Same. Tukazaliwa pale, kwenye vumbi. Redio yake ilikuwa ya betri, ameifunga kwa mpira wa baiskeli isifunguke. Taarifa ya habari ikiisha alikuwa hainuki mpaka asikie hali ya hewa, na si kwa sababu aliiamini. Aliisikiliza kama unavyomsikiliza mtu uliyekwisha kumkamata na uongo mara moja.

"Mkoa wa Kilimanjaro, mvua katika maeneo machache," redio inasema.

"Mmesikia?" anatuuliza. "Wanasema Kilimanjaro, wana maana ya Moshi. Sisi siyo wale wachache."

Na kweli hatukuwa. Tulikuwa tunayaona mawingu yamelala juu ya milima ya Upare, meusi, yameshiba, na huku chini kwetu upepo unapeperusha mifuko tu. Nilikua nikijua kwamba utabiri ni maneno yaliyotungwa ili msemaji asije akashikwa. Mvua ikinyesha, alisema. Isiponyesha, hakusema ni kwako.

Nilipoolewa nikapanda mlimani, Bombo, kwenye ukoo wa Wapare wa siku nyingi, Walutheri, watu wa maharage, mahindi, migomba na tangawizi. Mume wangu ni fundi ujenzi na wiki nzima yuko Same mjini, kwa hiyo miaka yangu ya ndoa nimeishi zaidi na mama yake kuliko na yeye. Mama mkwe ni mwembamba, hasemi sana, na akisema anamalizia sentensi kwa Kipare ili nisijibu. Tulizoeana polepole. Mpaka leo kuna watu pale kijijini wananiita mtu wa tambarare, nami nina wajukuu.

Miaka michache iliyopita walituletea bibi shamba mpya, binti wa Kisukuma, mfupi, mwenye buti za mpira na sauti ya mwalimu. Kabla ya vuli aliitisha mkutano pale ofisi ya kijiji. Akasimama na karatasi, akasoma kwamba mvua za vuli msimu ule zinatarajiwa kuwa za wastani hadi chini ya wastani.

Watu wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Wastani kwetu ni neno zuri. Mtoto akipata wastani shuleni amefaulu, na chumvi ikiwa ya wastani mboga inalika. Nikasikia mama mmoja nyuma yangu akisema, "Basi afadhali, mwaka huu ni za kutosha."

Aliyesimama ni baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba mkwe. Mzee yule anakaa chini kidogo ya kwetu, kwenye mteremko, na ni mzee wa kanisa. Hakuna kitu anachokipokea bila kukigeuza aone upande wa chini.

"Binti," alisema, "huo wastani ni wa nani?"

Bibi shamba akafurahi, nafikiri hakuwahi kuulizwa. Akaeleza kwamba wanachukua mvua iliyopimwa kituo fulani kwa miaka thelathini, wanaijumlisha, wanaigawanya, na ile inayopatikana ndiyo wastani wa pale. Kwa hiyo wastani si kusema mvua nzuri wala mbaya. Ni ile iliyozoeleka mahali hapo. Mahali pakavu, wastani wake ni ukame.

"Na kituo kiko wapi?"

"Kilicho karibu kiko chini huko, Same."

"Kwa hiyo unatusomea mvua ya Same."

Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka, nilimkumbuka baba yangu. Bibi shamba akasubiri kicheko kiishe, akasema kwa utaratibu kwamba mzee ana haki, na ndiyo sababu anatafuta mtu wa kupima mvua hapa hapa Bombo, kila siku, saa tatu asubuhi. Akauliza nani amemaliza kidato cha nne na ana simu isiyozimazima. Watu wakanigeukia.

Ndivyo nilivyopewa kipimamvua. Ni bomba la plastiki angavu lenye mistari, linasimama kwenye nguzo uwanjani, mbali na paa na mgomba wowote usilidondoshee maji. Bibi shamba alikuja mwenyewe kuchimba shimo la nguzo. Aliniambia milimita moja ni sawa na kumwaga lita moja ya maji kwenye eneo la mita moja kwa mita moja. Akaniambia chombo chochote chenye kuta zilizosimama wima kinaweza kupima, hata sufuria, ukiwa na rula. Akanifundisha na maneno. Angalizo ni kusema kaa macho. Tahadhari ni kusema jiandae. Tahadhari kubwa ni kusema usingoje tena. Na wakisema uwezekano ni asilimia sitini, maana yake siku kumi zikifanana na hii, sita zitanyesha na nne hazitanyesha.

"Na leo ni ipi, katika sita au katika nne?" nilimuuliza.

"Hilo hawalijui, mama."

"Basi wanajua nini?"

Akafikiri kidogo. "Wanajua kwamba hawalijui, na wanajua ni kwa kiasi gani hawalijui."

Sikuridhika, lakini lilikuwa jibu la kwanza la hali ya hewa ambalo halikunikimbia.

Kijiji hakikulipokea lile bomba vizuri. Wengine waliuliza kama serikali inapima mvua ili iangalie nani apewe chakula cha msaada na nani anyimwe. Wengine walisema wataalamu wakishajua maji yetu ni kiasi gani watayafuata, watajenga tangi, watayateremsha kwa watu wa chini. Baba mdogo alikuja siku ya tatu, akalizunguka lile bomba mikono nyuma.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Hiki ndicho cha utabiri?"

"Hiki hakitabiri, baba. Hiki kinapima iliyokwisha nyesha."

"Utabiri ni kazi ya waganga," alisema. "Sisi kanisani tulishaukataa. Sasa umerudi kwa simu." Akagonga bomba kwa ukucha. "Wewe unaandika, unatuma. Anayepokea umemwona?"

Nilisema sijamwona.

"Haya," alisema, akaondoka.

Sitaficha, neno lile liliingia. Kila asubuhi nilikuwa natuma namba kwa simu, na jibu lilikuwa alama ya kidole gumba tu. Kila jioni ujumbe wa utabiri ulikuja kwenye kundi la simu la wakulima: nyanda za juu kaskazini mashariki, mawingu kiasi, mvua nyepesi katika maeneo machache na vipindi vya jua. Nilikuwa naukagua ujumbe ule kama risiti. Siku wanaposema mvua na kilima cha ng'ambo kikanyeshewa na sisi tukakosa, nilikuwa naandika kwenye daftari: uongo, mara moja. Baadaye nikaona siwezi kuandika uongo, kwa sababu walisema machache, na ng'ambo ni pachache. Nikafuta. Daftari langu lina kurasa nzima za kufuta.

Mwezi wa kwanza wa vuli ndipo nilipoanza kukishuku chombo chenyewe.

Usiku mmoja mvua ilinyesha sana. Niliisikia kwenye bati kwa muda mrefu kiasi kwamba niliamka nikasogeza gunia la maharage. Asubuhi mfereji unaoteremsha maji kwenye ndiva yetu, lile bwawa la kumwagilia mashamba, ulikuwa unanguruma. Saa tatu nikaenda kwenye bomba. Milimita saba. Nikaliinamia, nikalipangusa. Saba.

Nikadhani limeziba, halikuwa limeziba. Nikadhani linavuja, nikajaza maji likakaa nayo siku nzima bila kupungua. Juma lililofuata ikatokea tena. Mvua ya kulowesha mpaka mizizi, na bomba linaniambia tano. Nikachukua sufuria kubwa ya makande, yenye kuta zilizonyooka, nikaiweka juu ya kuni nyuma ya jiko ambako watu hawapiti. Asubuhi rula ikasema kumi na nane. Bomba likasema sita.

Hapo nikajua kuna mkono wa mtu.

Kumshuku mtu ukiwa mgeni wa mahali ni kazi ya peke yake. Unamwangalia kila anayekusalimia. Nilimwaga majivu kuzunguka nguzo nione nyayo, mvua ikayasomba. Nilidodosa ni nani hupita uwanjani asubuhi nikiwa nimekwenda kukata majani ya ng'ombe, kwa sababu nilikuwa natoka kukipambazuka na kurudi karibu saa mbili na nusu. Sikupata kitu. Kisha, nikigeuza kurasa za daftari, nikaona jambo moja. Jumapili bomba lilikuwa halikosei. Jumapili mbili zilizonyesha, bomba na sufuria vilisema namba ile ile.

Nani hayupo Jumapili asubuhi? Baba mdogo. Yeye ndiye anayekwenda kufungua kanisa, anatoka nyumbani bado giza. Siku nyingine zote anapita uwanjani kwetu akienda kwenye mashamba ya juu. Nililipenda jibu lile mara lilipokuja. Lilikaa vizuri mno, na sikuliuliza tena swali lolote.

Nilimfuata nyumbani kwake. Alikuwa anapukuchua mahindi ya mbegu.

"Baba mdogo, nimekuja kwa heshima. Kile chombo si changu, nimeaminiwa tu. Kama kina ubaya, uniambie. Usikimwage maji."

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu.

"Umeniona?" aliuliza.

"Sijakuona."

"Lakini umenijua."

"Jumapili kinapima sawasawa," nilisema. "Jumapili wewe uko kanisani."

"Jumapili nusu ya kijiji iko kanisani." Akachukua gunzi jingine. "Nimeishi hapa tangu nizaliwe na sijaitwa mwizi wa kitu. Leo nimeitwa mwizi wa mvua, na mke wa mtoto wangu. Nenda, mama. Ukitafuta panya, anza na ghala lako."

Nikarudi nyumbani nimevimba. Sikumwambia mama mkwe, nilidhani atakuwa upande wa shemeji yake. Nilimwambia mume wangu kwa simu, naye akasema, "Umekwenda peke yako kumwambia hivyo?" Nilisema ndiyo. Akasema atakuja Jumamosi. Jumamosi alikuja na kilo mbili za sukari, akampelekea baba yake mdogo, akarudi hakuniambia walichozungumza. Tangu siku hiyo mzee alipita uwanjani kwetu bila kugeuza shingo. Na bomba liliendelea kupungua. Nikasema moyoni, ana kiburi huyu.

Vuli ile ilitangazwa kuwa wastani hadi chini ya wastani, na mpaka katikati ya msimu mimi nilikuwa natuma saba, tano, sita. Huko waliko bila shaka waliona utabiri wao umetimia.

Kisha siku ya Jumatatu ukaja ujumbe wa aina nyingine. Ulisema angalizo: vipindi vya mvua kubwa vinatarajiwa nyanda za juu kaskazini mashariki. Kesho yake ukabadilika ukawa tahadhari. Watu kwenye kundi la simu wakatania. Mmoja akaandika, walisema chini ya wastani, sasa wanasema kubwa, wachague moja. Nami nilicheka. Bibi shamba akajibu palepale kwamba msimu na siku ni vitu viwili, msimu wenye mvua chache unaweza kuzileta zote kwa siku tatu.

Ilianza Jumanne jioni. Haikuwa na ngurumo wala upepo, ilikuwa imetulia kama mtu aliyekuja kukaa. Jumatano asubuhi sufuria ilisema hamsini na nane, bomba likasema ishirini. Bibi shamba akapiga simu mwenyewe.

"Shikamoo mama. Leo naomba namba mapema, wananiulizia."

Nilikuwa nimesimama uwanjani, maji yananiingia shingoni. Nilijua ipi ni ya kweli. Lakini kumwambia sufuria ni kumwambia kwamba chombo nilichoaminiwa kimechezewa mwezi mzima na nimenyamaza. Nilikuwa nimeagizwa nitume kinachosomwa kwenye bomba. Nikajificha nyuma ya agizo hilo.

"Ishirini," nilisema.

"Ishirini tu? Basi huko kwenu si mbaya," alisema, na nikasikia sauti yake ikishuka kwa nafuu.

Sikula vizuri siku ile. Mvua haikukoma. Alhamisi kulipopambazuka sikwenda kukata majani. Niliweka mlango wa jiko wazi kidogo, nikakaa kwenye kigoda bila kuwasha moto. Nilitaka kumwona baba mdogo kwa macho yangu ili nimwambie mbele ya watu.

Aliyetoka ni mama mkwe. Alitoka mlango wa nyumba yetu wenyewe, amejifunika kanga mbili kichwani, miguu peku. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo kama anayekwenda kukinga maji. Akalichomoa bomba, akaliinamisha, akamwaga taratibu kwenye kiganja kwanza na kisha chini, akaliinua mbele ya macho kuangalia limebaki kiasi gani, akalirudisha. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Alikuwa anasali.

Nilitoka. Hakushtuka.

"Mama," nilimwambia. "Ni wewe."

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu ilipoanza kunyesha."

Nikamwuliza kwa nini, na nadhani sauti yangu haikuwa nzuri. Akanishika mkono tukaingia jikoni kwenye ukavu. Akakaa kwenye kigoda changu. Alianza kwa Kipare, akakiacha, akarudi kwenye Kiswahili ili nielewe neno kwa neno.

"Nikiwa na umri mdogo kuliko wako, alikuja mtu wa kuandika watu. Akaniuliza, mama, una watoto wangapi. Mama yangu alinikataza kuhesabu watoto. Lakini yule alikuwa na kalamu, na mimi nilikuwa na furaha. Nikamwambia wanne. Nikawasimamisha mstari, akawaangalia, akaandika nne. Masika haikuisha, wakabaki wawili. Mume wako na dada yake."

Nilijua kwamba kulikuwa na watoto waliokufa. Sikuwahi kuambiwa wawili, wala kwa nini hasemi.

"Walikufa kwa nini, mama?"

"Surua. Nesi aliniambia ni surua, najua ni surua. Najua pia kwamba niliwahesabu." Akaifuta miguu yake kwa ncha ya kanga. "Sasa wewe unasimama kila asubuhi uwanjani kwangu unahesabu mvua ya Mungu, unaimaliza yote, unawapa watu hatuwajui. Sikutaka kukukataza, umepewa kazi na unaipenda. Nilikuwa napunguza tu. Isijulikane yote. Ibaki kidogo ambayo haikuhesabiwa."

"Na Jumapili?"

"Jumapili naimba ibada ya kwanza."

Nilikaa chini kwenye sakafu. Jumapili mbili, tatu, nilimwona akitoka na kitabu chake cha nyimbo, na sikumhesabu miongoni mwa watu wasiokuwapo. Hasira niliyokuwa nimeitunza mwezi mzima haikuwa na pa kwenda. Kumkasirikia yeye sikuweza. Nikatoka nikachukua rula, nikapima sufuria. Sitini na tatu. Nikapiga simu.

"Jana haikuwa ishirini," nilimwambia bibi shamba. "Ilikuwa hamsini na nane. Leo sitini na tatu na bado inanyesha. Kosa ni langu, nitakueleza siku nyingine."

Hakuniuliza kosa gani. Nilisikia karatasi. "Mama, hiyo ni zaidi ya mia na ishirini kwa siku mbili. Udongo hauna tena pa kuiweka. Hapo kwenu nani anakaa chini ya mteremko?"

Nilimwambia.

"Atoke. Asingoje jioni."

Nilishuka kwa baba mdogo nikiwa nashikilia migomba nisiteleze. Yeye na mkewe walikuwa ndani, na nyuma ya nyumba kilima kilikuwa kinatoa maji mahali pasipokuwa na chemchemi. Nilimwonyesha. Alisema amekiona.

"Baba mdogo, wametoa tahadhari, na vipimo..."

"Vipimo vipi? Vya chombo ninachokimwaga mimi?"

Nilimwomba radhi pale mlangoni, mvua inanipiga, nikasema nilimkosea. Alisikiliza. Kisha akauliza kama wale wa simu wameapa kwamba kilima kitaanguka leo.

"Hawajaapa," nilisema. "Hawajui. Wanasema mahali kama hapa, mvua kama hii, mara nyingi huanguka. Inaweza isianguke."

"Kwa hiyo nihame kwa sababu ya neno la mtu asiyejua, nililoletewa na mtu aliyenisingizia."

Alikuwa na haki, na ningekuwa mimi nisingehama. Ndipo mama mkwe alipotokea nyuma yangu. Alikuwa ameteremka peke yake kwa fimbo, ana matope mpaka magotini. Alizungumza naye kwa Kipare kwa muda, na maneno niliyoyapata yalikuwa mvua, na wanne, na jina la mtoto ambalo sikuwahi kulisikia. Mzee akavua kofia. Alipoivaa tena alimwambia mkewe afungue ng'ombe.

Walikaa kwetu siku tatu. Tulikula makande, ng'ombe wawili wakabanana kwenye banda la mmoja, na mzee alilala sebuleni bila kulalamika wala kushukuru. Alhamisi ile ile alasiri tulisikia kishindo, kisicho kikubwa, kama gunia limeangushwa ghalani. Kilima kilikuwa kimeshuka. Kilichukua njia, kikachukua kipande cha tangawizi na choo, kikapita hatua kama ishirini kando ya nyumba, kikaenda kulala mtoni. Nyumba haikuguswa.

Tulisimama pale juu tukiangalia udongo mwekundu.

"Kwa hiyo tungelala tu," baba mdogo alisema.

Lakini yeye mwenyewe hakurudi kulala kule mpaka Jumapili.

Bibi shamba nilimweleza yote baadaye, na nilitegemea ataninyang'anya chombo. Alikwenda kumsalimia mama mkwe, wakakaa jikoni muda mrefu mlango umefungwa. Sijui waliyosema. Alipotoka aliniambia nihamishie nguzo upande wa shamba, mbali na uwanja wa mama, na nisizitaje namba kwa sauti nyumbani. Mama mkwe hajaligusa tena. Ninajua, kwa sababu kwa miezi kadhaa niliendelea kuiweka sufuria kwa siri, nami siioni fahari kusema hivyo.

Baba mdogo hakunisamehe kwa maneno. Alikata chupa ya maji ya plastiki, akaichora mistari kwa rula ya mjukuu, akaifunga kwenye nguzo ya uzio wake. Mvua ikinyesha hupanda asubuhi kuniuliza nimepata ngapi kabla hajataja yake. Tukitofautiana mbili au tatu ananiangalia kwa jicho lile lile la zamani. Nimemweleza kwamba ni kawaida, chupa yake haina kuta zilizonyooka. Anasema labda ni bomba langu ndilo halijanyooka.

Bibi shamba alihamishwa mwaka jana. Aliyekuja baada yake simjui kwa sura, ni namba tu kwenye simu, na hajawahi kufika Bombo. Kila saa tatu natuma, na hakuna hata kidole gumba. Kiangazi chote nilituma sifuri, sifuri, sifuri, mpaka nikahisi naongea na ukuta. Lile swali la mzee, "Anayepokea umemwona?", likaanza kunitafuna upya. Asubuhi moja, jua linawaka, nikaandika mia nne, nikatuma, nikakaa kwenye kizingiti na simu mkononi.

Haikufika dakika kumi ikalia. Sauti ya kijana mwanamume, ina wasiwasi.

"Shikamoo mama. Samahani, hii mia nne ya leo ni kweli? Huko mko salama?"

Uso ukanipata moto. Mama mkwe alikuwa anachagua maharage karibu yangu, akainua macho.

"Marahaba, mwanangu," nilisema. "Tuko salama. Ni vidole tu vimeteleza."

"Basi nirekebishe. Niandike ngapi?"

"Andika sifuri," nilimwambia. "Na kwenye karatasi yako weka alama, karibu na nyumba ya mzee anayekaa chini yetu kuna udongo ulishashuka. Vuli ikija uniulize mimi mwenyewe, usingoje ujumbe."

Alisema ameandika. Nilimwomba anisomee alichoandika.